Kutoka Buyenzi hadi Nyanza-Lac na Kamera Begani

Pwani ya Burundi inatazama magharibi. Msafiri wa kawaida hana haja na habari hiyo, lakini anayekula kwa kamera ataanza nayo. Asubuhi jua hukawia nyuma ya milima ya Mumirwa, hivyo wavuvi wanaporudi na mavuno ya usiku ufuko wote bado uko kivulini, kivuli laini cha buluu kinachompendeza kila mtu usoni. Jioni mambo hugeuka. Jua hushuka juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya maji. Ukilielekea, kila aliye mbele yako ni mweusi. Ukilipa kisogo, kila aliye mbele yako anawaka. Mimi ni mtu wa Kigoma, na Ziwa Tanganyika nimelipiga picha tangu enzi za mkanda, ila kipande hiki cha kaskazini nilikuwa nakipita usiku ndani ya basi, usingizini. Safari hii nilikishuka taratibu, kituo kwa kituo. Naandika kwa sababu wapiga picha wenzangu wanakata tiketi za ndege kwenda kutafuta mbali vitu vilivyo mlango wa pili.

Buyenzi

Nilianzia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Barabara zake zina namba badala ya majina, na kabla hujaona kitu utasikia nyundo, maana magari ya mji mzima yanaletwa hapa kutengenezwa. Kiswahili chake ni cha mbio, kimekula Kirundi na Kifaransa, na mgeni wa Tanzania anachekwa kwa upole kila akisema "tafadhali". Katikati ya mafundi gereji yuko mzee mmoja anayetengeneza kamera. Kwenye rafu amezipanga zilizokufa: Zenit za Kirusi, Yashica, Pentax K1000, Canon AE-1 iliyobanduka ngozi. Hazitupi. Akihitaji skrubu, anachokonoa humo.

"Hizi zilinisomeshea watoto wote," aliniambia. "Hizi mpya zinanisomeshea mjukuu mmoja, na kwa shida."

Habari kubwa za kazi yetu zimepita zote juu ya meza yake. Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa ndani ya Kodak yenyewe mwaka 1975, na Steven Sasson, mhandisi kijana: mashine ya karibu kilo 4 iliyochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja. Kampuni iliendelea kuuza mikanda, na Januari 2012 ikaenda mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi. Mzee hakuhitaji kusoma hayo mahali. Aliyaona siku maabara za kusafishia picha zilipoanza kufungwa moja baada ya nyingine. Sasa zamu imezifikia kamera zenye kioo ndani. Canon walishasema kwamba EOS-1D X Mark III ya mwaka 2020 ndiyo ya mwisho katika ukoo wake, na dunia imehamia kamera zisizo na kioo. Ulaya wanaziuza zile za zamani kwa bei ya kutupa, na zinazotupwa huko zinafika huku. Kwa hiyo mzee anazo kazi: shata zilizochoka, milango ya betri iliyovunjika, vumbi kwenye senza. Mimi nilimpelekea lenzi yangu ya milimita 35 iliyokuwa na pete ngumu. Aliifungua, akaifuta, akaifunga, bila kuacha kuzungumza.

Nilimwuliza walifanyaje na ngozi zetu zamani, kwa sababu mikanda ile haikutengenezwa kwa ajili yetu. Kwa miaka mingi maabara zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, maarufu kwa jina la Shirley. Akitoka vizuri yeye, kazi imekwisha. Walioisukuma Kodak kurekebisha rangi za kahawia, kwa mujibu wa utafiti wa Lorna Roth wa Kanada, walikuwa pamoja na wafanyabiashara wa chokoleti na wa samani za mbao, wakilalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri. Mzee alicheka hadi akakohoa. Wao, alisema, walikuwa wakimpa mtoto shuka jeupe alishike chini ya kidevu cha mteja, nje ya fremu, mwanga ugonge shuka urudi usoni. Leo kampuni ya simu ya Tecno inajitangaza kwa kamera inayojali ngozi nyeusi. Shuka lilitangulia.

Mugere

Kusini kidogo ya Bujumbura, juu ya barabara, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25-XI-1871. Watoto wa hapo watakuambia ndipo walipokutana. Mtu wa Kigoma hawezi kunyamaza: walikutana Ujiji, kwetu, na hapa walifika baadaye walipokuwa wakipanda ziwa kwa mtumbwi kwenda kuuona Mto Rusizi. Waliukuta unaingia ziwani, hautoki, na matumaini ya kwamba ziwa hili ndilo chanzo cha Nile yakaishia hapo.

Kilichonivuta mimi pale ni kwamba mkutano ule hauna picha. Livingstone alijua kamera; kwenye safari yake ya Zambezi iliyoanza 1858 ndugu yake Charles na daktari John Kirk walibeba mitambo ya kupigia. Lakini Ujiji hapakuwa na kamera. Picha iliyosambaa ya safari ya Stanley ilipigwa mwaka 1872 katika studio ya London: Stanley kavaa nguo za safari, pembeni yake kijana Kalulu, mtumishi wake wa Kiafrika, nyuma yao pazia lililochorwa mandhari. Mapazia ya namna hiyo, yenye maporomoko na maua, yalijaa baadaye katika studio za pwani yetu, na tuliyacheka kama ushamba wetu. Kumbe hata viatu vya Stanley vilisimama mbele ya pazia kama hilo.

Magara na vilima vya Bugarama

Kutoka Mugere barabara kuu namba 3 inalishika ziwa na kutoliachia: Kabezi, kisha Gitaza, ambako Machi 2015 mlima ulishuka na mvua ukafunga njia na kuua watu. Baiskeli zinapita zimebeba madumu ya mawese manne manne. Halafu unafika Magara, mlango wa Bugarama.

Bugarama ni nyingi, na dereva asiyeambiwa vizuri atakupeleka kwingine. Iko ya juu kabisa, kwenye njia panda ya kwenda Muramvya na Gitega, maarufu kwa soko la mboga na ukungu. Iko ya Rwanda, karibu na mpaka. Ninayoisema mimi ni ile iliyokuwa komini ya mkoa wa Rumonge kabla ya mpango mpya wa mwaka 2025 uliopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5. Mguu wake uko Magara majini, kichwa chake kiko vilimani. Chini ni michikichi na harufu ya dagaa. Ukipanda inakuja migomba, mihogo, maharage yaliyopandwa kwenye miteremko mikali kiasi kwamba mkulima anasimama mguu mmoja juu na mmoja chini. Kila ukigeuka, ziwa limepanuka.

Nilipanda kwa sababu ya harusi. Kijana mpiga picha wa Magara alinialika nimfuate kazini, na nilivyomwona akifanya kazi nilijua nitakaa nyuma yake nikimtazama yeye kuliko maharusi. Kamera yake ni Canon ya kioo iliyotoka mbali, mlango wa kadi umefungwa kwa utepe mweusi wa fundi umeme. Lenzi moja tu. Betri mbili, na moja haimalizi hotuba. Flashi hana, alikuwa amemweka mdogo wake na taa ya kuchaji yenye karatasi nyeupe mbele, akimwelekeza kwa kidole: juu, kushoto, hapohapo.

Na hotuba za Kirundi si mchezo. Wazee wa pande mbili wanakaa wakielekeana, na msemaji wa kila upande anazunguka, anasifu ng'ombe, anajifanya hajui wageni wamefuata nini, huku watu wakimjibu kwa makofi. Kina mama walikuwa wamevaa imvutano, vitambaa vilivyofungwa bega moja, na chungu cha pombe ya mtama kilikuwa katikati na mirija mirefu. Mpiga picha asiyejua mpangilio atabonyeza ovyo. Yule kijana alikuwa hagusi kamera dakika nzima, kisha anasogea hatua mbili, anapiga fremu mbili, anarudi. Alijua neno gani litamfanya mzee yupi ainue mkono. Mimi nikiwa na shata ya picha 20 kwa sekunde nilikosa ule mkono; yeye aliupata.

"Kaka, mimi nalipwa kwa picha wanayoishika," alinieleza tulipokuwa tukila ndizi na maharage pembeni. "Ya kwenye simu hawalipi. Wanasema ya kwenye simu kila mtu anayo."

Hapo ndipo hesabu yake inapomuuma. Karatasi na wino vinatoka nje kwa dola, na dola Burundi ni adimu. Mafuta ya pikipiki nayo ni foleni. Akishuka Bujumbura kuchapa, nauli inakula faida. Kwa hiyo anakusanya harusi kadhaa ndipo anasafiri, na kila akipita kijijini anaulizwa picha ziko wapi. Pwani hii picha usiyoileta ni deni, na wanakudai mbele ya watu.

Rumonge

Rumonge inanuka mawese kabla hujaiona. Ni mji wa michikichi: mashine ndogo za kukamulia zimetapakaa pembezoni, mapipa yakichemka, moshi, na mafuta ya rangi ya chungwa kali yakichujwa na vijana walioloa hadi viwikoni. Kwa picha ni neema, maana mabanda ni ya giza na mwanga unaingia kwa matundu ya bati, lakini mvuke unaganda kwenye lenzi. Acha kamera nje ya begi ipate joto la banda kwanza, ndipo ufute.

Mji una mtaa wake wa Waswahili, misikiti yake, na chakula kinachonifanya nisahau nidhamu: mukeke wa kuchoma, yule ambaye sisi Kigoma tunamwita mgebuka, kwa ndizi za kukaanga, ndimu na pilipili ndogo isiyo na huruma. Historia yake ni nzito. Mapadri Weupe walifungua misheni hapa mwaka 1879, na Mei 1881 watatu kati ya wamisheni wakauawa, misheni ikaachwa. Ilikuwa enzi ambayo wafanyabiashara wa Ujiji, akina Rumaliza, walikuwa na mkono mrefu ziwani. Na hapahapa na Nyanza-Lac, tarehe 29 Aprili 1972, ndipo yalipoanza mashambulizi ambayo serikali iliyalipiza kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima. Waliosalia wa pwani hii wengi walivukia kwetu. Mama mmoja aliyezaliwa ukimbizini, akarudi, alinionyesha picha pekee aliyonayo ya baba yake: pasipoti ndogo ya studio, kona moja imeliwa na maji. Aliomba niipige niikuze. Kazi hiyo niliifanya dirishani kwake, kwa kivuli cha asubuhi, kwa uangalifu kuliko kitu chochote nilichopiga safari nzima.

Karibu na soko iko studio. Ukutani limetundikwa koti moja jeusi la suti, na wateja wa picha za vitambulisho wanalivaa kwa zamu, wafupi kwa warefu. Nikakumbuka Gulu, kaskazini mwa Uganda, ambako Martina Bacigalupo, mpiga picha Mtaliano aliyeishi miaka mingi Burundi, aliokota mabaki ya studio moja: picha za watu waliokaa vizuri kitini lakini uso umekatwa mraba, kwa kuwa ilikuwa nafuu kuchapa picha nzima na kukata kichwa cha kitambulisho. Akazitolea kitabu mwaka 2013, Gulu Real Art Studio. Humo nako koti la kuazima linapita mwili kwa mwili. Ukitaka kujua serikali inamtaka raia wake aweje, angalia lile koti.

Usiku nilitoka na wavuvi. Mitumbwi inafungwa pamoja, wavu unashushwa katikati, taa zinaning'inizwa juu ya maji, na dagaa wanaupanda mwanga kutoka vilindini; ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 1,400 na kiza chake ni kiza kweli. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zenye mlio na mwanga wa njano. Sasa ni taa za LED za betri, nyeupe za kibuluu. Wavuvi wanazisifu kwa gharama, mimi nazilaumu kwa rangi: sura zinatoka kama za wagonjwa, na mizani ya rangi ya kamera inababaika kati ya taa na mwezi. Ila mwezi wenyewe ukiwa mpevu hakuna kazi. Dagaa hawaifuati taa mbingu ikiwa nyeupe, na wavuvi wanalala au wanashona nyavu. Kupiga, fungua lenzi hadi mwisho, panda ISO 6400, usitegemee shata ya polepole kwa sababu mtumbwi hautulii hata ziwa likiwa shwari, na ngoja wavu unapofika juu: hapo samaki wenyewe wanageuka kuwa kioo na mwanga unapanda usoni mwa wavutaji kutoka chini. Ni sekunde chache. Kisha giza.

Kabla ya kuondoka nahodha alikuwa ameniuliza, "Mzee, hizi picha zitaenda wapi?" Si swali la adabu. Wakati wa machafuko ya kisiasa ya mwaka 2015 na baada yake kamera ilikuwa kitu cha kuogopwa Burundi. Januari 2016 mpiga picha Mwingereza Phil Moore na mwandishi wa Le Monde, Jean-Philippe Rémy, walikamatwa Bujumbura kabla ya kuachiwa. Nikamwonyesha printa yangu ndogo ya betri. Asubuhi, ufukoni, kina mama wakianika dagaa mchangani, nilichapa picha za wavutaji wote. Kijana mmoja aliigeuza ya kwake, akaniuliza kama nimeitengeneza kwa akili mnemba, sababu haamini yeye ana mikono mizuri hivyo. Watengenezaji wanahangaika na swali hilohilo: mwaka 2023 Leica walitoa M11-P, kamera ya kwanza inayotia muhuri wa uthibitisho ndani ya faili tangu picha inapopigwa. Pale Rumonge muhuri uliwekwa na nahodha. Alisema, "Ni wewe. Nilikuwepo," na ubishi ukaisha.

Kigwena na Nyanza-Lac

Kigwena nilipita haraka: kipande cha msitu wa bonde kilichobaki kati ya michikichi na barabara, na nyani wanaokujua una nini begini. Kwa picha ni giza na majani. Wapenda ndege watakipenda kuliko mimi.

Nyanza-Lac nilikaa jioni juu ya kilima nikitazama kusini. Ufukweni yanaonekana makovu ya ziwa kupanda, ambalo tangu 2020 lilikula nyumba na miti pwani nzima. Ng'ambo ya mpaka ni Kagunga, kijiji cha Tanzania chini ya mlima, ambako Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko yale walilala ufukoni kipindupindu kikiwaandama, na MV Liemba, meli ya Kijerumani ya tangu 1913, ikawasomba kwenda Kigoma kwa awamu. Wapiga picha wa dunia nzima walifika. Picha zile zimeonwa London na New York. Waliopigwa, wengine wamesharudi na wanauza dagaa Nyanza-Lac. Niliowauliza hawajawahi kuziona.

Mbele ya Kagunga ni Gombe. Hugo van Lawick alifika pale mwaka 1962, ametumwa na National Geographic kumpiga picha Jane Goodall na sokwe wake, na picha zake ndizo zilizomfanya Goodall ajulikane duniani. Yeye alikaa, akarudi, akamwoa Goodall mwenyewe. Naamini ndiyo sababu picha zake zinadumu.

Nilivuka mpaka kwa Mugina na Manyovu, nyumbani. Kwa mpiga picha anayetaka kuifuata njia hii: pata kwanza kibali cha Baraza la Taifa la Mawasiliano kama unafanya kazi ya habari, na usielekeze lenzi bandarini, darajani wala kwa askari. Angalia kalenda ya mwezi, ufike Rumonge mwezi ukiwa mwandamo. Printa ndogo inatosha, lakini karatasi na wino nunua Kigoma au Dar es Salaam kabla hujavuka, kwa sababu huko ni adimu, na utakaowapiga watakungoja.